Gurudumu la Mtu Mzito: Baiskeli kama Sehemu ya Tiba Nachingwea na Ruangwa

Katika kliniki za kisukari na shinikizo la juu la damu, hapana ushauri unaotolewa mara nyingi kuliko huu: "Fanya mazoezi." Kwa wakazi wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ushauri huo aghalabu huishia kwenye chombo kilichopo tayari nyumbani au kwa jirani, yaani baiskeli. Ni ushauri mzuri. Hata hivyo, kwa mgonjwa mwenye uzito wa kilo 100 au zaidi, ushauri huo ni nusu tu iwapo hatukumuuliza jambo moja zaidi: baiskeli hiyo ina magurudumu ya namna gani?

Swali hili laweza kuonekana kuwa la fundi, si la daktari. Lakini mgonjwa mzito ambaye spoki zake zinakatika katika wiki ya pili, au ambaye gurudumu lake linajipinda mbele ya watu sokoni, huacha mazoezi. Wengine huanguka na kuvunjika mkono. Wengi hubaki na aibu, wakidhani kuwa mwili wao ndio uliokosea, ilhali kosa ni la chombo kisichostahili mzigo wake. Makala haya yanaeleza jinsi gurudumu linavyobeba uzito, kwa nini huvunjika, na namna ya kuchagua gurudumu lililo imara bila kuwa zito kupita kiasi. Yameandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya pamoja na wagonjwa wenyewe.

Kwa nini baiskeli humfaa mtu mzito

Mtu mzima huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi pale uwiano wa uzito na urefu wake unapofikia 25, na kuwa na unene uliokithiri unapofikia 30. Uwiano huo hupatikana kwa kugawanya uzito kwa kilo kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Mtu mwenye urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 110 ana uwiano wa 38. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Kwa hiyo hatuzungumzii watu wachache.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Kutembea kwa haraka kunatosha, lakini mtu mzito mwenye maumivu ya magoti huona kutembea kuwa adhabu. Anapotembea, goti hubeba nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake kwa kila hatua. Anapokuwa ameketi juu ya baiskeli, sehemu kubwa ya uzito hupokewa na tandiko, na nguvu inayopita gotini hupungua sana. Moyo na misuli hufanya kazi, sukari hutumika, na goti hupata nafuu.

Uzito huo uliotuliwa na goti haupotei. Umehamia kwenye tandiko, ukashuka kwenye fremu, na mwisho wake ni magurudumu mawili yenye nyuzi nyembamba za chuma. Hapo ndipo penye haja ya kupatazama kwa makini.

Jinsi gurudumu linavyobeba mzigo

Mtazamaji hudhani kuwa spoki hufanya kazi kama nguzo za nyumba: zile za chini zinasimama na kubeba. Sivyo. Spoki ni nyembamba mno kuweza kusimama kama nguzo. Ukiisukuma kutoka ncha zote mbili itapinda. Gurudumu lina nguvu kwa sababu kila spoki imekazwa tangu mwanzo na kuivuta ringi kuelekea katikati, kwenye habu. Uzito unapowekwa, ringi hubonyea kidogo sana pale inapogusa ardhi, na spoki zilizo chini hulegea kidogo. Kulegea huko kwa muda mfupi ndiko kunakobeba mzigo.

Kwa hiyo, kila gurudumu linapozunguka, kila spoki hulegea mara moja na kukazwa tena mara moja. Gurudumu la baiskeli ya kawaida ya inchi 28 lina mzunguko wa takriban mita 2.2. Katika kilomita 10 huzunguka kama mara 4,550. Mtu anayekwenda na kurudi kilomita 10 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mwaka mzima huifanya kila spoki ilegee na kukazika zaidi ya mara 1,180,000.

Chuma, kama mfupa, huweza kuvunjika kwa pigo moja kubwa, na pia huweza kuvunjika kwa uchovu wa mapigo madogo yasiyo na idadi. Wahudumu wa afya wanajua ufa wa uchovu katika mfupa wa mguu wa askari au mkimbiaji. Spoki nyingi hukatika kwa namna hiyohiyo, na mara nyingi hukatikia kwenye kiwiko chake, pale inapoingia katika tundu la habu. Haikatiki siku ya mzigo mkubwa pekee; hukatika siku ya kawaida, baada ya miezi ya kuchoka.

Jambo linaloongeza uchovu huo kuliko yote si uzito peke yake, bali ulegevu. Spoki iliyokazwa vizuri hubaki na mvuto hata inapolegea chini ya mzigo. Spoki iliyofungwa kwa ulegevu hufikia kupoteza mvuto wote, kisha hushtuliwa tena inapopanda juu. Kutikisika huko huifungua nati yake, huichosha shingo yake, na humwongezea jirani yake mzigo. Ndiyo maana spoki moja ikikatika bila kushughulikiwa, nyingine hufuata.

Gurudumu la nyuma ndilo linaloumia

Tuchukue mfano wa mtu mwenye kilo 110 anayepanda baiskeli ya kilo 20. Jumla ni kilo 130. Kwa kuwa mpandaji huketi karibu zaidi na gurudumu la nyuma, takriban asilimia 60 ya uzito hukaa huko, yaani kilo 78 hivi. Mwenye kilo 60 juu ya baiskeli hiyohiyo huliwekea gurudumu la nyuma kilo 48 hivi.

Sasa tukumbuke maisha yalivyo katika wilaya hizi. Msimu wa korosho ukifika, baiskeli hubeba magunia kuelekea maghala ya vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Gunia la korosho lina kilo 80. Likifungwa kwenye keria, karibu uzito wake wote huangukia gurudumu la nyuma. Mzigo wa gurudumu hilo hutoka kilo 78 na kufika karibu kilo 158, zaidi ya maradufu. Hivyo mgonjwa aliyeshauriwa kupanda baiskeli kwa ajili ya afya yake ashauriwe pia kutolifanya gurudumu hilohilo kuwa la mizigo ya ghalani, au basi alijenge kwa kazi zote mbili.

Njia nazo zina neno. Lami imeongezeka, lakini njia nyingi kati ya vijiji na mashamba ni za udongo mwekundu, changarawe na mchanga, na masika yakipita huacha makorongo. Wakazi wa Nachingwea wanaijua habari ya mpango wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukaachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza fedha nyingi. Miongoni mwa sababu zake ni mitambo iliyoletwa bila kuiuliza ardhi. Somo hilo linafaa hata kwa chombo kidogo kama baiskeli: kilichotengenezwa kwa ajili ya lami laini na mtu wa kilo 65 kisitarajiwe kumtumikia mtu wa kilo 110 kwenye njia ya Mnero au Mnacho.

Baiskeli tatu zipatikanazo, na magurudumu yake

Ya kwanza ni baiskeli kubwa nyeusi ya asili, iliyoigwa kutoka kwa ile ya Kiingereza, ambayo huja kwetu kutoka China na India. Magurudumu yake ni ya inchi 28, ringi za chuma, na kwa mtindo wa asili spoki 32 mbele na 40 nyuma. Wazee walioipanga hivyo hawakubahatisha. Waliweka spoki nyingi pale penye mzigo mwingi. Zaidi ya hayo, kwa kuwa haina gia nyingi nyuma, spoki za kushoto na za kulia hukazwa karibu sawa, na gurudumu huwa imara pande zote. Udhaifu wake ni uzito, pamoja na breki zake, kwani ringi ya chuma iliyolowa maji hushikwa vibaya na breki.

Ya pili ni baiskeli ya milimani yenye magurudumu ya inchi 26, ringi za alumini na spoki 32 au 36. Gurudumu dogo, likiwa na spoki sawa kwa idadi, ni imara kuliko kubwa, kwa sababu spoki zake ni fupi na zimekaribiana. Tairi lake ni pana. Kwa mtu mzito anayeanza mazoezi, hili mara nyingi ndilo chaguo lenye nafuu zaidi. Aangalie tu asinunue ile yenye springi za bei rahisi mbele na katikati, kwani huongeza uzito na kumeza nguvu za mpandaji bila kulinda gurudumu.

Ya tatu ni baiskeli ya mbio iliyotumika, inayofika katika mitumba kutoka ng'ambo. Ni nyepesi na huvutia macho. Nyingi za kisasa zina spoki 20 au 24 tu kwa gurudumu, na tairi nyembamba la milimita 23 au 25. Magurudumu ya namna hii aghalabu huwekewa kikomo cha uzito na mtengenezaji, na si ajabu kukuta kikomo hicho ni kilo 100 au 120. Baiskeli inapouzwa kwa mara ya tatu, maandishi hayo huwa yamekwisha kufutika, na muuzaji hayajui.

Lakini haifai kumkataza mtu mzito baiskeli ya mbio moja kwa moja. Fremu yake yaweza kumfaa. Linalohitajika ni kubadilisha magurudumu.

Gurudumu imara lililo jepesi

Nguvu na wepesi hupatana, mradi wepesi utafutwe mahali pake. Haya ndiyo ya kuzingatia.

Idadi ya spoki. Kwa mwenye kilo 90 hadi 110, spoki 32 mbele na 36 nyuma ni mwanzo mzuri. Kwa mwenye zaidi ya hapo, 36 kwa magurudumu yote mawili, au mpangilio wa asili wa 40 nyuma. Faida ya wingi wa spoki huonekana zaidi siku ya ajali. Katika gurudumu la spoki 20, moja ikikatika ringi huyumba mpaka inagusa breki au fremu, na safari huishia hapo. Katika gurudumu la spoki 36, mpandaji hufika nyumbani taratibu. Kumbuka kwamba ringi na habu sharti ziwe na matundu sawa kwa idadi: ringi ya matundu 36 haifungwi kwenye habu ya matundu 40.

Ringi. Chagua ya alumini yenye kuta mbili, yaani iliyo na uwazi katikati kama mianzi. Ukiitazama pale linapokaa tairi, utaona kuwa nati za spoki zimezama ndani, hazionekani sawa na utepe. Ringi ya namna hiyo ni nyepesi kuliko ya chuma, haijipindi kwa urahisi, na hushikwa vizuri na breki hata kwenye mvua. Ringi za nyuzi za kaboni ni nyepesi zaidi, lakini ni ghali mno, na kwa breki za ringi hupata joto kali mpandaji mzito anaposhuka mteremko. Hatuna sababu ya kuzitafuta.

Spoki zenyewe. Zilizo bora ni za chuma kisichoshika kutu, zenye unene wa milimita 2 kwenye ncha. Kuna aina iliyo nene kwenye ncha na nyembamba katikati, kwa kawaida milimita 1.8. Wengi huiogopa wakidhani ni dhaifu. Kinyume chake, sehemu nyembamba hunyumbulika kidogo na kupokea mishtuko, ili kiwiko kisichoke. Ni nyepesi na hudumu zaidi. Isipopatikana, spoki ya kawaida ya milimita 2 iliyokazwa vizuri inatosha.

Mpishano. Kila spoki ipishane na nyingine tatu kabla ya kufika kwenye ringi. Magurudumu yenye spoki zilizonyooka moja kwa moja kutoka kwenye habu yanapendeza, lakini nyuma hayafai, kwa kuwa nguvu ya pedali huivuta habu kwa mzunguko.

Habu na ekseli. Katika baiskeli za gia ambazo friwili nzima hufungwa kwa skurubu kwenye habu, ekseli hubaki ndefu bila gololi za kuishikilia upande wa kulia. Kwa mtu mzito hupinda, na hatimaye huvunjika. Mwambie fundi aizungushe. Ikiyumba, ibadilishwe kabla ya safari. Habu ambayo gololi zake zimewekwa karibu na ncha ya ekseli ni bora zaidi.

Upana wa tairi. Tairi pana ndilo springi ya bei nafuu kuliko zote. Kwa mwenye kilo 100 kwenye njia zetu, milimita 35 hadi 50 ni upana unaofaa. Soma namba zilizoandikwa ubavuni. Tairi la 40-635 ni la baiskeli kubwa ya asili. La 37-622 ni la baiskeli nyingi za mjini. Yote mawili huitwa "ishirini na nane", lakini la 622 haliingii kwenye ringi ya 635. Hali kadhalika 559 na 590 huitwa "ishirini na sita" zote mbili. Namba tatu za mwisho ndizo za kuaminiwa.

Gramu gani zina maana?

Wauza baiskeli husifu wepesi wa magurudumu. Tuupime kwa hesabu. Tuseme magurudumu ghali yanapunguza gramu 500. Kwa kuwa uzito ulio ukingoni mwa gurudumu hugharimu nguvu karibu mara mbili wakati wa kuongeza mwendo, tuhesabu kuwa ni kilo 1. Kwa mpandaji wetu mwenye jumla ya kilo 130, hiyo ni chini ya asilimia moja. Mwendo ukishatulia, tofauti haionekani kabisa.

Kwa upande mwingine, mwenye kilo 110 akipunguza asilimia 5 ya uzito wake huwa amepunguza kilo 5.5, na kiwango hicho kidogo hutosha kuleta nafuu inayopimika katika sukari ya damu na shinikizo la damu. Gurudumu lililo imara, linalomwezesha kupanda baiskeli kila siku kwa miezi sita bila kukatika, litampunguzia uzito mwingi kuliko gurudumu jepesi linaloshinda kwa fundi. Huu ndio msingi wa makala yote: kwa mtu mzito, wepesi wa kwanza kuutafuta ni ule unaokuja baada ya miezi ya kuendesha, na uimara ndio njia ya kuufikia.

Upepo na utunzaji

Gurudumu bora likiwa na upepo mdogo huharibika kama baya. Mpandaji mzito akipita juu ya jiwe na tairi lililolegea, tyubu hubanwa kati ya jiwe na ringi, na kupata matundu mawili yaliyokaribiana, mfano wa jeraha la meno ya nyoka. Ukiyaona matundu hayo, usitafute mwiba, ongeza upepo. Upepo ukizidi nao, tairi huwa gumu, kila shimo hupanda hadi kwenye spoki na mgongo, na breki hukosa mshiko kwenye changarawe.

Kipimo rahisi ni hiki. Mpandaji aketi juu ya baiskeli akiwa ameegemea ukuta, na mwingine atazame tairi la nyuma. Litanuke kidogo pale linapogusa ardhi. Likibonyea kiasi cha sehemu moja ya saba ya unene wake, ambayo kwa tairi la milimita 40 ni kama milimita 6, limetosha. Likibonyea zaidi, liongezwe, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa ubavuni. Tairi la mbele liwe na upepo mdogo kidogo kuliko la nyuma.

Spoki hupimwa kwa vidole. Zibane mbilimbili kuzunguka gurudumu lote: zote ziwe na ugumu unaofanana. Ukizigonga kwa kijiti, za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana; ile yenye sauti nzito na butu imelegea. Katika gurudumu la nyuma lenye gia nyingi, za kulia huwa ngumu kuliko za kushoto, na hilo ni la kawaida. Gurudumu jipya lirudishwe kwa fundi baada ya wiki mbili ili likazwe upya, kwa maana spoki mpya hujikalisha mahali pake katika siku za kwanza. Kazi hiyo ya nusu saa huongeza maisha ya gurudumu kuliko kitu kingine chochote unachoweza kununua.

Mpandaji mwenyewe naye ana wajibu. Akiona shimo lisiloepukika, apunguze mwendo, asimame kidogo juu ya pedali na kukunja magoti. Miguu yake ndiyo springi, na gurudumu halitapokea pigo la mwili mzima kwa mara moja.

Breki, na miguu ya watoto

Kumsimamisha mwenye kilo 120 juu ya baiskeli ya kilo 20 kunahitaji nguvu mara 1.75 ya kumsimamisha mwenye kilo 60 anayekwenda mwendo huohuo. Basi breki mbili zinazofanya kazi ni sharti la kuanza. Viatu vya breki vilivyokwisha vibadilishwe, na mteremko ushukwe taratibu tangu juu.

Kuna jeraha ambalo wahudumu wa zahanati wanalifahamu: mguu wa mtoto aliyepakiwa kwenye keria kuingia katika spoki. Kisigino hupondeka kati ya spoki na fremu. Ngozi yaweza kuonekana imechubuka tu siku ya kwanza, kisha ikafa baada ya saa 48. Kidonda hicho kisafishwe, mfupa uchunguzwe kwa eksirei inapowezekana, chanjo ya pepopunda ihakikishwe, na mtoto arudi kuangaliwa baada ya siku mbili. Kinga yake ni wavu au kizuizi cha pembeni pamoja na mahali pa kukanyaga. Kizuizi hichohicho huzuia kanga na gauni kunaswa. Mgonjwa mzito anayetumia baiskeli kwa mazoezi asimpakie mtoto: usalama wa mtoto na afya ya gurudumu vyote vinadai hivyo.

Kabla ya kupanda

Mwenye shinikizo la damu la 180 kwa 110 au zaidi atibiwe kwanza. Mwenye maumivu ya kifua, kuzimia au kuhema sana kwa kazi ndogo achunguzwe moyo kabla ya kuanza. Anayetumia insulini au dawa kama glibenklamidi abebe sukari au soda, kwa kuwa sukari yaweza kushuka njiani au saa kadhaa baadaye. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofungwa, akague nyayo kila jioni. Tandiko liwekwe kwa urefu ambao goti hubaki limekunjwa kidogo pedali ikiwa chini. Tandiko la chini sana huumiza goti lilelile tulilotaka kulipumzisha. Aanze kwa dakika 10 kwenye njia tambarare, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza, aongeze dakika chache kila wiki.

Maswali matano ya kliniki

Mhudumu wa afya hahitaji kuwa fundi. Anapoandika ushauri wa baiskeli kwa mgonjwa mzito, amuulize kwa heshima, kama vile: "Mama, baiskeli utakayopanda ni ipi, na ina hali gani?" Kisha afuate maswali haya:

1. Gurudumu la nyuma lina spoki ngapi? Zikiwa chini ya 32 kwa mwenye zaidi ya kilo 90, libadilishwe.

2. Je, kuna spoki iliyokatika au kulegea? Ikiwapo, aende kwa fundi kwanza.

3. Tairi lina upana gani, na pampu ipo nyumbani?

4. Breki zote mbili zinashika?

5. Baiskeli hiyo hubeba nini kingine: gunia, maji, au mtoto?

Maswali haya huchukua dakika mbili. Mgonjwa akiyajibu, ataondoka akijua kwamba uzito wake ni hesabu ya kupangia chombo, kama vile tunavyopima kilo kabla ya kukadiria dozi ya dawa. Hapana anayeuonea haya uzito wa mtoto anapopimiwa dawa. Uzito wa mtu mzima anayechagua gurudumu nao utajwe vivyo hivyo, waziwazi, kwa fundi na kwa daktari, ili chombo kitakachombeba kimfikishe.